Saa Nane ya Chombo

Nahodha alikuwa na mke mmoja na mama wakwe watatu, na mtu pekee katika jengo zima aliyeweza kukueleza kwa nini, bila kukuna kichwa, alikuwa Bi Daftari.

Ungemuuliza, angevua miwani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, kisha akakuanzishia toka mbali. Mwaka wa nne wa mchezo, Nahodha alirudi nyuma miaka hamsini kuchukua mwavuli aliousahau, akamkanyaga mguu kijana mmoja aliyekuwa akiwahi kwenda kuposa. Kijana akachechemea, akachelewa, mchumba akaenda kwa mwingine. Kumbe kijana yule ndiye aliyekuwa awe babu wa mke wa Nahodha. Basi mke akazaliwa na mama mwingine. Mwaka wa tisa mwandishi akataka kusahihisha, akasahihisha vibaya, akaongeza wa tatu. Mke ni yule yule, sauti ni ile ile, lakini mama ni watatu na kila mmoja ana kinyongo chake.

Mchezo wenyewe uliitwa Chombo cha Mtondogoo, na ulikuwa ukirushwa redioni kila Ijumaa saa kumi na mbili jioni kwa miaka ishirini na sita. Walioanza kuusikiliza wakiwa wamebebwa mgongoni sasa walikuwa wakiusikiliza wakiwa wamebeba wenzao. Kwa wasiojua, na siku hizi wanazidi: ipo kesho, ipo kesho kutwa, upo mtondo, halafu ndiyo mtondogoo. Chombo hicho kilipaa angani na kupita katika wakati, mbele na nyuma, na kila kilikopita kiliharibu kitu.

Mchezo wa namna hii ukiachwa uishi sana, huzaa matawi. Mwaka wa kwanza mambo huwa mepesi: mtu anasafiri, anaharibu, anatengeneza, anarudi kula. Mwaka wa kumi anakuja msikilizaji mpya, anauliza, “Huyu si alikufa?” Wa zamani anamjibu, “Alikufa katika tawi lile, siyo hili,” na tayari mmoja wao amekwisha kununa. Waandishi hupenda matawi kwa sababu tawi ni mlango wa nyuma. Umemuua mtu ukajuta? Fungua tawi ambamo hakufa. Umemwoza kwa adui yake? Tawi. Mwigizaji ameenda likizo ya uzazi? Tawi, na ndani yake yuko safarini. Ni kama nyumba inayoongezwa chumba kila anapozaliwa mtoto. Mwishowe mgeni akiingia hajui choo kiko wapi.

Kazi ya Bi Daftari ilikuwa kujua choo kiko wapi.

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya nne, mwisho wa ukumbi, na dirisha moja lililotazama maegesho ya magari. Rafu zilibeba madaftari sitini na moja ya jalada gumu, yote kwa mwandiko wake. Kalamu nyeusi kwa yaliyotokea, ya buluu kwa yaliyotokea katika tawi, nyekundu kwa vifo. Ukutani alikuwa amechora mti kwenye karatasi za manila zilizogundishwa, shina moja na matawi kumi na saba, na hakuna mwandishi aliyeruhusiwa kuugusa bila kunawa mikono. Katika miaka yote hiyo hakukuwa na mtu aliyewahi kumkamata na kosa. Hata mkurugenzi, alipotaka kukumbuka alioa tarehe ngapi, alimpigia simu yeye.

Yeye ndiye aliyetunga ile sheria. Zamani watu walikufa na kufufuka katika mchezo ule kama mchezo wa kujificha. Siku moja ikaja barua ya msikilizaji mmoja, mwanamke mtu mzima kwa mwandiko wake, akisema: “Nimemlilia Nahodha mara mbili, na mara mbili mmemrudisha. Mara ya tatu sitoi chozi mpaka mnipe uhakika.” Bi Daftari alisoma barua ile kikaoni kwa sauti, kisha akasema kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na kuanzia siku hiyo atakayekufa katika shina la mchezo amekufa. Kifo ni kifo. Wote wakapiga makofi.

Miezi mitano baadaye akafa Fundi, na Fundi aliigizwa na mdogo wake Bi Daftari wa kike, wa tumbo moja.

Mdogo wake huyo aliitwa Kipenga tangu utotoni, kwa sababu ya sauti yake. Alipoita kutoka uani, hata jirani walijibu. Kwa miaka minane sauti ile ilikuwa ndiyo roho ya mchezo: Fundi wa chombo, mwenye spana mkononi na maneno mdomoni. Siku ya kurekodi sehemu ya mia saba arobaini na nane, chumba cha injini kililipuka, na Kipenga akatoka studio akamfuata dada yake ukumbini. Alimuuliza swali moja tu: “Dada, hakuna njia?” Bi Daftari akamjibu, “Kifo ni kifo.” Tangu hapo, miaka kumi na mmoja, Kipenga hakumsemesha tena.

Hakumsemesha yeye mwenyewe, yaani. Sauti yake ilikuwa imeajiriwa kwingine, na kwa bahati mbaya, au kwa bahati yenye ucheshi mbaya, ilikuwa imerekodiwa kwenye lifti ya jengo lile lile la redio. Kila asubuhi Bi Daftari aliingia, na mdogo wake akamwambia: “Mlango unafungwa. Tafadhali sogea nyuma.” Siku nyingine alipanda ngazi, ghorofa zote nne, akifika juu anahema.

Jumatatu moja Mwandishi aliingia chumbani kwake bila kubisha, jambo alilofanya akiwa na furaha au akiwa na kosa. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na mbili, mwandishi mkuu wa nne tangu mchezo uanze, na alijua vituko vyote vya chombo kwa kuwa alivisikiliza akiwa chini ya meza ya mama yake akimenya karanga.

“Bi Daftari, usinipige.”

“Umefanya nini?”

“Bado. Nataka kufanya.” Akavuta kiti, akakaa ukingoni. “Sehemu ya elfu moja na mia tatu hiyo inakuja. Wakubwa wanataka kishindo. Tukawauliza wasikilizaji wanataka nani arudi. Wamejibu kwa kauli moja.”

“Nani?”

Mwandishi akatazama viatu vyake. “Fundi.”

Bi Daftari akashika kalamu akaiweka, akaishika tena. Kusema kweli moyo wake uliruka kama wa msichana, na akauonea haya. Mama yao alikuwa amemwambia wiki iliyopita kwamba Kipenga amepata kazi mji wa mbali, kufundisha watangazaji, na mwisho wa mwezi anahama. Akishahama, hata ule ugomvi wa kila Jumapili, wa kupitia kwa mama, hautakuwepo.

“Na utamrudishaje?” aliuliza, kwa sauti yake ya kazini.

“Tawi jipya! La kumi na nane. Fundi hakuingia chumba cha injini siku ile kwa sababu alikuwa na mafua. Anaishi. Nahodha wa kwetu anapita ufa wa wakati, anamkuta, anamchukua, anakuja naye. Sheria yako haijaguswa: aliyekufa shinani bado amekufa. Huyu ni wa tawi.”

“Mafua,” alisema Bi Daftari.

“Au tumbo. Sijaamua.”

Bi Daftari akakubali kwamba kisheria hakuna tatizo. Alikubali upesi kuliko ilivyokuwa desturi yake, mpaka Mwandishi akamtazama mara mbili. “Lakini,” akasema, “lazima mwenyewe aulizwe. Na mimi siwezi kumuuliza.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu hanijibu.”

Jumapili, basi, Mwandishi akajikuta ameketi sebuleni kwa mama yao, kikombe cha chai gotini, dada mkubwa kulia, dada mdogo kushoto, na mama mwenyewe katikati kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma. Bi Daftari aliishi na mama. Kipenga alikuja kila Jumapili kumsalimia, na kila Jumapili mambo yalikwenda vile vile.

“Mama, mwambie huyo mwanao asogeze kiti, ananizibia feni,” alisema Kipenga.

“Mama, mwambie mwanao feni ni ya watu wote.”

“Mimi si posta,” alisema mama, akiendelea kufuma. “Mgeni, kunywa chai. Hawa nimewazaa mwenyewe, lakini nikifa watanizika kwa kutumiana barua.”

Mwandishi akakumbuka ule usemi kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, akatamani kweli kuwa shambani. Hata hivyo alijikaza, akaeleza yote: sehemu ya elfu moja na mia tatu, kura za wasikilizaji, tawi la kumi na nane, mafua. Kipenga alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa amenenepa kidogo na mvi zimeanza kumwota kando, lakini alipofungua kinywa ilikuwa sauti ile ile, na Mwandishi, mtu mzima na ndevu zake, akahisi machozi yanamlenga.

“Nakushukuru,” alisema Kipenga. “Lakini huyo wa mafua mimi simjui. Mimi nilicheza Fundi miaka minane. Aliungua mikono, aliibiwa spana, alimfundisha Nahodha kupika maharage. Yule ndiye aliyelipukiwa. Ukinipa mwingine anayefanana naye, basi umemwacha yule kule kule, na mimi umenifanya nivae nguo zake nikijidai sijamwona. Watu watapiga makofi, na mimi nitakuwa nadanganya.” Akamgeukia mama. “Mama, mwambie mwanao kwamba sitaki pacha wa Fundi. Namtaka Fundi mwenyewe. Kama hayupo, mwisho wa mwezi nakwenda zangu.”

Mama akaweka ufumaji chini. Mara hii hakusema kwamba yeye si posta. Alimtazama tu binti yake mkubwa, na Bi Daftari akainuka kwenda jikoni kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Alichojua huko jikoni ni kwamba mdogo wake amesema kweli. Hilo ndilo alilokuwa akiwaambia waandishi miaka yote: tawi linakurudishia sura ya mtu, halikurudishii mtu. Wasikilizaji wanajua tofauti, hata wakishangilia. Na yeye, mwenye kusema hayo, siku ile alikuwa ameukimbilia mlango wa nyuma mbio kuliko wote. Alitaka mdogo wake abaki, basi.

Jumanne asubuhi alifunga mlango wa chumba chake, akatoa kanda ya sehemu ya mia saba arobaini na nane, akaitia kwenye ile mashine kuukuu iliyokuwa ikinung'unika pembeni. Hakuwahi kuisikiliza tangu siku ya kurekodi. Maneno yake aliyajua yote kwa kichwa, akadhani kuyajua kunatosha.

Ilianza mezani, asubuhi, watu wa chombo wakinywa chai. Sauti ya Kipenga ikaja, changa kwa miaka kumi na mmoja: “Saa nne naingia chumba cha injini, natoka saa kumi. Ngoja kwanza nifuate spana yangu chumbani. Mtu asininywee chai!” Kiti kikasukumwa, nyayo zikaenda zikipotelea. Muziki. Kisha ile mashine ya chombo, kwa sauti yake kavu isiyo na huruma: “Saa nane kamili. Chumba cha injini kimelipuka. Sehemu ya nyuma ya chombo imekatika.” Vishindo, ving'ora, Nahodha akilia jina la Fundi. Na mwisho kabisa Mpishi wa chombo, taratibu: “Na chai yake hii, bado ya moto.”

Hapo ndipo nchi nzima ilipolia. Watu waliandika mstari ule kwenye kuta. Bi Daftari naye aliinua mkono kufuta jicho, na mkono ukaishia njiani.

Bado ya moto?

Chai iliyomiminwa asubuhi, saa nane mchana ikawa bado ya moto? Mpishi yule hakuwa na chupa ya chai. Chupa ilivunjika sehemu ya mia saba na mbili, ipo daftarini. Akarudisha kanda nyuma. Akasikiliza tena. Kisha akasimama juu ya kigoda akashusha daftari la kwanza kabisa, lenye vumbi mpaka akapiga chafya, akalifungua ukurasa wa tatu.

Mwandiko ulikuwa wake, wa siku alipokuwa bado anapamba herufi kubwa. *Mashine ya chombo huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Watu wa chombo huhesabu kuanzia macheo, kama sisi. WASICHANGANYWE.* Chini yake mfano: sehemu ya tatu, mashine ilitangaza chakula saa saba, Nahodha akaja saa saba mchana, akakuta sahani zimeoshwa tangu asubuhi. Mwasisi, yule mwandishi wa kwanza, alikipenda sana kichekesho kile. Alicheka mwenyewe kabla hajamaliza kukisoma.

Saa nane ya mashine ni saa mbili ya watu. Saa mbili asubuhi, watu wako mezani. Saa nne haijafika. Chumba cha injini kimelipuka hakina mtu, na Fundi yuko chumbani kwake, nyuma ya chombo, anatafuta spana. Sehemu ya nyuma imekatika, imeelea ikaenda zake katika wakati, na yeye ndani yake, mzima. Hakuna tawi, hakuna ufufuo, hakuna mafua. Hakufa. Ni mtu mmoja tu aliyeandika kwamba amekufa, kwa kalamu nyekundu, “saa nane mchana”, na neno “mchana” halikuwemo katika mswada. Alilitia yeye.

Bi Daftari akaketi sakafuni na daftari mapajani. Kwanza akacheka, kicheko cha mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima ikiwa usoni. Halafu akalia.

“Nimemuua mdogo wangu kwa saa sita,” alisema peke yake.

Sasa akakumbuka na lile jingine. Mwasisi alikuwa amekuja chumbani siku ile na mswada mkononi, akasimama mlangoni, akauliza, “Una uhakika amekufa, Bi Daftari?” Aliuliza vile kama mtu anayeacha mlango wazi. Na yeye hakufungua daftari hata moja. Sheria ilikuwa na miezi mitano, marehemu wa kwanza ni ndugu yake, na aliogopa watu wasije wakasema: ona, ya wengine kifo ni kifo, ya mdogo wake inatafutiwa njia. Aliogopa kuitwa mwenye undugu. Kwa hofu hiyo alikuwa mkali kwa mdogo wake kuliko ambavyo angekuwa kwa mtu baki, akajiita mwadilifu. “Nina uhakika,” alisema. Mwasisi akainua mabega, akaenda zake.

Ukweli usemwe, wazo baya lilimpitia. Mwasisi alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita, na marehemu hajibu hoja. Angeandika tu, “Kosa la mswada, limegunduliwa na mtunza madaftari,” Kipenga angerudi, watu wangempa pongezi, na jina lake lingebaki bila doa. Alikaa na wazo hilo muda wa kupoa kikombe kizima cha chai. Kisha akaenda nyumbani akamwambia mama yake, “Mwambie Kipenga aje studio Alhamisi, tafadhali.”

“Hii ndiyo barua ya mwisho naichukua,” alisema mama.

Alhamisi walikusanyika kwenye meza ndefu ya kusomea miswada. Mwandishi alikuwepo na rasimu yake ya mafua. Nahodha alikuwepo, mzee wa miaka sabini na mmoja mwenye skafu shingoni ya kulinda koo, na waigizaji wengine wanane. Kipenga aliketi mwisho kabisa, karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu aliyepitia tu. Bi Daftari akaweka mezani madaftari mawili, la kwanza na la ishirini na tisa, akasimama.

Akawasomea ukurasa wa tatu. Akawachezea kanda. Akawaeleza saa nane ya mashine na saa mbili ya watu, polepole, na akaona nyuso zikibadilika moja moja kadiri kila mmoja alivyopiga hesabu kwa vidole.

“Mswada haukukosea,” alisema. “Mwasisi hakukosea. Aliniuliza, nikamjibu bila kutazama. Fundi hakufa. Mimi ndiye niliyeandika kwamba amekufa, na niliandika upesi kwa sababu alikuwa mdogo wangu na niliogopa maneno ya watu. Miaka kumi na mmoja hii ni kosa langu. La mtu mwingine hakuna hata chembe.”

Mwandishi alikuwa amekwisha kugeuza rasimu yake, akawa anaandika nyuma ya karatasi kama mwendawazimu. Nahodha ndiye aliyetangulia.

“Kwa hiyo nimelia bure?” alinguruma. “Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya Fundi! Machozi ya kweli yale, Bi Daftari! Kitunguu sikutumia hata siku moja!”

“Hukulia bure, Mzee. Ulilia kwa kutojua. Na hayo hatuyafuti, yanabaki shinani.”

“Yabaki,” alisema Nahodha, akijipangusa kwa skafu. “Yalikuwa mazuri.”

Watu wakaanza kucheka, na kicheko kikakatika kwa sababu Kipenga alikuwa ameweka mkoba wake mezani.

“Nilijua,” alisema.

Alikuwa akimtazama dada yake. Mama hakuwepo, na hakukuwa na mtu katikati.

“Ulijua nini?” Bi Daftari aliuliza, karibu kwa kunong'ona.

“Habari ya saa. Nilijua siku ile ile, kabla sijavua hedifoni. Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya chombo, Dada. Nisijue nilikuwa wapi?”

“Sasa mbona hukusema?”

“Nilikuja nikakuuliza kama hakuna njia. Ukasema hakuna. Ningekuonyesha ukurasa, ungesahihisha, tungerudi kazini, na mimi ningekuwa nimejiokoa mwenyewe.” Sauti ile iliyoweza kuita jirani kutoka uani ilikuwa imeshuka chini kabisa. “Sikutaka kujiokoa. Nilitaka unitafute.”

“Miaka kumi na mmoja?”

“Nilidhani ni wiki mbili,” alisema Kipenga.

Bi Daftari alikuwa na madaftari sitini na moja, na hakukuwa na ukurasa wa jambo hili. Akazunguka meza ndefu, akapita nyuma ya viti vya watu waliokuwa wakijitia kutazama miswada, mpaka mwisho ule wa mlangoni. Akasimama mbele ya mdogo wake, akagonga meza mara mbili kwa vifundo vya vidole.

“Hodi.”

Kipenga akageukia dirishani.

“Nani?”

“Mimi.”

“Mimi nani?”

“Dada yako.”

Nahodha alikuwa amejiziba mdomo kwa skafu. Kalamu ya Mwandishi ilikuwa imesimama.

“Karibu,” alisema Kipenga, na machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni. “Lakini vua viatu. Humu ndani nimepiga deki peke yangu miaka yote.”

Na Bi Daftari, mbele ya watu wote, akainama akaanza kufungua kamba.